Ukimya Alioutafuta Bi Taipu

Siku alipostaafu, wenzake wa mahakamani hawakumpa saa ya ukutani kama walivyowapa waliomtangulia. Walimletea taipureta. Ilikuwa ileile aliyoianzia kazi kabla kompyuta hazijaingia, na miaka yote hiyo ilikuwa stoo, imekandamiza majalada ya kesi zilizokwisha. Mtu wa masjala alikuwa ameifuta vumbi na kuifunga utepe mwekundu kama bibi harusi. Karani mkuu akasimama, akasema kwamba Bi Taipu amepiga chapa maneno ya wezi, ya mawakili na ya mahakimu, na wakati mwingine ilikuwa vigumu kujua yapi ni ya nani. Sasa naye akapige ya kwake. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinuka, akashukuru, akasema kwamba ataandika riwaya.

Lau angalijua, angalishukuru tu akakaa. Ahadi iliyotolewa mbele ya keki na soda haina pa kujificha. Tangu siku hiyo kila aliyekutana naye sokoni au kwenye foleni ya pensheni alimwuliza kitabu kimefika wapi. Jirani yake mshonaji, ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake, aliacha kabisa kumjulia hali. Alimwuliza tu hiyo ni mimba gani, ya tembo?

Lakini si maneno ya watu yaliyomkosesha raha. Alikuwa amepiga chapa maisha yake yote, na kama kurasa zile zingepangwa zingefika darini, ila hapakuwa na sentensi hata moja iliyokuwa yake. Chake kilikuwa zile herufi mbili ndogo za jina lake kwenye pembe ya chini ya ukurasa, ambazo hakuna anayezisoma. Alitaka kabla hajafa aache kitabu kimoja ambacho jina lake liko juu, kwa herufi kubwa.

Kazi yake mahakamani ilikuwa kuandika yaliyorekodiwa. Alivaa hedifoni masikioni, na chini ya meza mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio. Akikanyaga, sauti inakwenda, akiinua, inasimama. Maneno yaliingia masikioni yakatokea vidoleni bila kupita mahali pengine popote. Aliweza kupiga ushahidi wa mauaji huku akiwaza kama gesi imebaki ya kuchemshia maharage. Na kanuni ya kazi ilikuwa moja: usiongeze, usipunguze, usikisie. Mahali ambapo shahidi amekohoa au mlango umebamizwa na neno halikukamatika, mpiga chapa huweka mabano na kuandika ndani yake: haisikiki. Wageni wa kazi walishawishika kujaza pengo kwa akili yao. Bi Taipu hakujaza hata mara moja. Aliwafundisha kwamba heri kuandika haisikiki ukurasa mzima kuliko kumtilia mtu neno mdomoni.

Hadithi aliyotaka kuiandika ilikuwa ya mama yake. Mume wa Bi Taipu alikwisha kutangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee alikuwa mhasibu na alikaa upande mwingine wa mji, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, yeye na bibi kizee wake, kila mmoja na chumba chake, na katikati ukuta usiofika darini. Mama huyo ujanani alikuwa dobi wa hospitali. Alifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa, na kutoka kwenye mvuke ule alitoka na hadithi ya mwanamke wa kitanda cha dirishani. Mwanamke huyo alilazwa kila mwaka, na kila mwaka madaktari hawakumwona na ugonjwa. Alichotaka ni shuka safi na mtu wa kumwuliza ameamkaje. Mwaka mmoja akaja na sanduku limejaa mashati ya kiume. Akamsihi yule dobi kijana amfulie, taratibu, moja moja, asiyachanganye na nguo za hospitali. Dobi akayachukua, akayalowesha, akaona jambo.

Hapo ndipo mama alipokuwa akinyamaza, tangu Bi Taipu yuko darasa la pili. "Mengine huambiwa mtu mzima," alikuwa akisema. Bi Taipu alikua, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akastaafu, na mashati yale yakawa bado yamelowa.

Taipureta ilipofika nyumbani ilikuwa na herufi zinazonata, akaipeleka kwa fundi. Fundi huyo enzi zake alikuwa akizunguka maofisini kutengeneza taipureta. Siku hizi alitengeneza feni, redio na miavuli, na alipoiona mashine ile alifurahi kama mtu aliyetembelewa na shemeji. Aliisafisha kwa mswaki, akaitia mafuta, akamtafutia utepe mpya wa wino. Bi Taipu akamweleza kwamba ana wasiwasi. Binti yake anamwambia mtu wa leo huandika kwa kompyuta. Fundi akamjibu bila kuinua macho.

"Dada, hii ina kelele lakini haina umbea. Kompyuta iko kimya, lakini ina umbea wa dunia nzima."

Neno hilo likamkaa. Kompyuta alikuwa nayo, binti yake alimpa, na kila alipoifungua alijikuta katika kikundi cha ukoo, au cha wastaafu, au anamtazama mtu asiyemjua akipamba sebule. Basi akachagua taipureta, akaiweka kwenye meza iliyoegemea ule ukuta, akaanza.

Kelele zake zilijaza nyumba. Mama alifurahi mno. Alisema nyumba sasa ina mtu. Alikaa kitandani kwake upande wa pili, fimbo ya kutembelea mapajani, akisikiliza ta-ta-ta na kengele ya mwisho wa mstari kama anayesikiliza taarifa ya habari. Na kila mashine iliponyamaza, hata kwa muda wa kukuna kichwa, ukuta uligongwa kwa fimbo.

"Mwanangu, umekwama? Njoo nikwambie."

Bi Taipu aliinuka kwa kununa, akaenda, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama hakuwa mtu wa kwenda moja kwa moja. Ukitaka kujua mwanamke alisema nini, kwanza utaambiwa aina ya sabuni, kisha msimamizi mwenye makengeza ambaye hukujua anamgombeza nani, kisha pasi iliyounguza koti la daktari na jinsi madobi walivyolificha wakicheka mpaka machozi. Hapo mama alicheka upya, kila mara mahali palepale. Mwisho, kama sarafu iliyosahaulika mfukoni, lilidondoka neno moja la mwanamke wa dirishani. Bi Taipu alirudi mezani akipumua kwa hasira, na vidole vikakimbia. Kurasa zikaongezeka. Zilikuwa nzuri, na binti alipozisoma Jumapili moja alisema ameisikia hata harufu ya pasi.

Bi Taipu alizihesabia kurasa zile kuwa matunda ya bidii yake. Aliamini ameziandika juu ya kelele za mama yake, na kwamba kama angepata utulivu zingekuwa maradufu. Hakuona kwamba hajawahi kuandika ukurasa kabla fimbo haijagonga. Mtu aliyeshinda miaka na hedifoni masikioni, akipiga sauti za watu, alidhani uandishi unahitaji ukimya, kwa sababu ndivyo alivyosikia waandishi wakisema redioni.

Ilipokuja sura ya mashati, mambo yakaharibika. Mashine ilinyamaza mara nyingi, na kadiri ilivyonyamaza ndivyo ukuta ulivyogongwa. Mama alikuwa sasa amekubali kumwambia mtu mzima mambo ya watu wazima, ila umri umempotezea njia. Alianza vizuri, akafika kwenye sanduku, akatumbukia kwenye sabuni, akazama. Kuna siku alieleza koti lililoungua mara mbili kwa kikao kimoja. Jirani mshonaji akauliza tena habari za kitabu, na Bi Taipu alipojibu kwamba umebaki mwisho tu, yule akatabasamu.

"Aha. Umemla ng'ombe mzima, mkia ndio umekushinda."

Jumapili iliyofuata Bi Taipu alimlalamikia binti yake. Alisema shida si hadithi. Shida ni hii mashine: ikisimama tu, bibi yako anajua nimesimama. Haniachi hata nifikiri. Binti akacheka, akasema dawa ipo. Akafungua kompyuta, akaingiza programu ambayo kazi yake ni kuficha kila kitu. Skrini yote iligeuka kuwa ukurasa mweupe. Hapakuwa na saa, hapakuwa na ujumbe, hapakuwa na kikundi cha ukoo. Unachagua muda, na mpaka muda huo uishe haikubali utoke, hata ukiilaani. Bi Taipu alivigusa vitufe vyake. Havikutoa sauti ya kumfikia hata panya.

Yule fundi alikuwa amemwambia kwamba uko upande wa kelele na upande wa umbea. Ukurasa huu mweupe haukuwa na kelele wala umbea. Akamshukuru binti yake kama aliyeletewa dawa kutoka ng'ambo. Taipureta wakaipandisha juu ya kabati, wakaifunika kitambaa. Na kwa kuwa ukuta haukufika darini, Bi Taipu akatoa hedifoni yake ya zamani, ile ya kazini, akaivaa bila kuichomeka popote. Ilikuwa mara ya kwanza kuivaa asisikie mtu akisema.

Mama aliuliza mashine imekwenda wapi. Akaambiwa imechoka. Siku za mwanzo aligonga kwa kubahatisha, hajui lini Bi Taipu ameshika kazi na lini ameiachia, na hakujibiwa. Kisha akapunguza. Wakati wa kula alikaa kimya mezani akizungusha kijiko, na aliposema neno alisema la chumvi. Bi Taipu aliona hatimaye amepata heshima ya mwandishi. Ukurasa ulikuwa mweupe mbele yake, na ndani ya masikio kulikuwa na ule mvumo wa damu yake mwenyewe. Aliandika sentensi, akaifuta. Alisema ni mazoea, yatakuja.

Asubuhi moja, kabla hajafunga mlango wake, mama alisimama kizingitini ameegemea fimbo. Alikuwa amechana nywele. Uso wake ulikuwa na wepesi ambao Bi Taipu hakuuona siku nyingi.

"Nimeyakumbuka yale mashati," mama akasema. "Yote. Nimeamka nayo."

Bi Taipu alikuwa tayari na mkono mmoja kwenye kitufe cha kuanza. Aliwaza sabuni, aliwaza makengeza, aliwaza koti la daktari. Aliwaza kwamba juma zima hajaandika kitu na leo alikuwa amepiga moyo konde.

"Baadaye, mama. Nikimaliza hapa nakuja."

"Haya. Lakini usikawie, mwanangu, kichwa changu hiki si cha kuwekea kitu."

Bi Taipu akafunga mlango. Akavaa hedifoni. Akachagua saa nzima, akabonyeza, dunia ikafunikwa. Saa ile aliitumia kubuni. Kwa kuwa hakujua mashati yalikuwa ya nani, alijaribu kuyafanya ya mume aliyefia vitani, na vidole vikagoma katikati ya mstari. Akajaribu kuyafanya ya kaka aliyefungwa. Vidole vikagoma. Alikaa ameikodolea macho ile nyeupe mpaka yenyewe ikamfungulia. Skrini ikaleta picha ya ua, na chini yake maneno: Hongera, hakuna kilichokukatiza.

Alivua hedifoni akaenda kwa mama. Alimkuta sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, mdomo umepinda, jicho moja likimtazama. Fimbo ilikuwa bado katika mkono ulio hai. Ukutani, chini, usawa wa mtu aliyelala, lipu ilikuwa imebanduka, na vipande vyake vilikuwa vimetapakaa juu ya mkono na kwenye nywele zilizochanwa.

Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba pengine kufika mapema kungesaidia, pengine kusingesaidia. Binti yake alilia, akajilaumu kwamba yeye ndiye aliyeleta programu ile. Bi Taipu akamwambia hapana, mimi ndiye niliyekulalamikia, wewe ukanipa nilichotaka. Hakumweleza mtu mwingine habari ya lipu. Majirani walipokuja kuwapa pole walisema ni kazi ya Mungu, na yeye aliwaitikia kwamba ndiyo, ni kazi ya Mungu. Wakati wanazungumza alikuwa ameuegemea ukuta, pale palipobanduka.

Mama alirudi nyumbani akiwa nusu. Upande mmoja ulikufa na ulimi ukafa nao. Akili, daktari alisema, huenda ipo, mzungumzisheni. Bi Taipu alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akambadilisha shuka kila asubuhi, na kumwuliza ameamkaje. Siku alipojisikia akiuliza hivyo aliacha kijiko ndani ya bakuli, akatoka nje akasimama uani kwa muda.

Kitabu kilibaki kimekatika kwenye sanduku la mashati. Binti alimshauri akimalize mwenyewe.

"Si hadithi tu, mama? Nani atakuja kukushtaki?"

Alijaribu, kwa kumridhisha. Aliwasha kompyuta, akatulia, akakaa mbele ya ukurasa ule uliokuwa na kila kitu alichokiomba. Alitunga miisho ya kutosha kujazia vitabu. Kila mmoja ulikuwa na uongo wa pekee, ule ambao mahakamani aliujua kwa sauti kabla wakili hajasimama kuupinga. Alikuwa amewafundisha wasichana kazi kwa kuwakataza jambo hili hili. Akaufuta wa mwisho, akaizima kompyuta, akamrudishia binti yake.

Kisha akapanda kiti, akaishusha taipureta. Hakuiweka kwenye meza yake. Aliibeba mpaka chumbani kwa mama, akaiweka juu ya kigoda karibu na kitanda, akatia karatasi. Alianza kunakili mistari ya mwisho aliyoiandika zamani, alipokuwa bado akiitwa kwa fimbo: mwanamke, sanduku, dobi kijana, maji ya kulowekea. Kwa kelele ile jicho zima la mama lilifunguka. Kengele ya mwisho wa mstari ililia, na upande ulio hai wa mdomo ukasogea.

Bi Taipu alifika penye mashati, akasimama. Hakuwa na zaidi. Chumba kikawa kimya.

Mkono ulio hai ulitambaa juu ya blanketi ukitafuta, haukuiona fimbo, ukakunja vidole, ukagonga ukuta. Mara mbili, dhaifu. Kisha mama akaanza kusimulia.

Ilikuwa hadithi nzima. Bi Taipu aliisikia jinsi inavyokwenda, kwa kupanda na kushuka kwake. Pale palikuwa kwenye sabuni, maana sauti iliburuta. Pale aliingia msimamizi. Kwenye koti la daktari koo lilikoroma kwa namna ya kicheko, mahali palepale. Halafu ikapita hapo, ikashuka, ikawa nzito na ya taratibu, ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika mbele yake, na ikaendelea. Hapakuwa na neno hata moja ndani yake.

Vidole vya Bi Taipu vilikuwa vimekwisha anza. Vilifuata sauti kama vilivyozifuata zote, bila kumwuliza. Alifungua mabano, akaandika haisikiki, akafunga. Akafungua tena. Mstari ukaisha, kengele ikalia, akairudisha karatasi mwanzo wa mstari, akaendelea. Haisikiki. Haisikiki. Mama alipotulia kidogo kuvuta pumzi, alitulia naye. Mama alipoendelea, akaendelea.

Mwisho sauti ilikoma. Mama alikuwa amechoka, jasho limemtoka kwenye paji la uso, na jicho lake lilikuwa jepesi kama asubuhi ile ya kizingitini, la mtu aliyeutua mzigo wa watu salama. Lilimtazama binti yake, likatazama karatasi, likamtazama tena.

"Nimeandika, mama," Bi Taipu akasema. "Yote."

Jicho likafumba. Akaichomoa karatasi taratibu ili isitoe sauti, na kwa mazoea, kabla hajaiweka chini, akaitazama pembe ya chini kama ameweka zile herufi zake mbili ndogo. Alikuwa ameziweka.